Namba ya chumba changu si tangazo

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nimjibu msomaji mwenzangu aliyeandika kwenye ukurasa huu kuhusu wanawake wanaosafiri peke yao. Nimeisoma barua yake mara mbili ili nisimsingizie. Anasema tangu mabasi yaruhusiwe kutembea usiku, wanawake wamezidi kuonekana stendi saa nane na saa tisa za usiku na mabegi yao, wengine hawana hata mtoto mgongoni. Anasema mwanamke anayejiheshimu husafiri na mumewe, kaka yake au mtu wa kwao, na akifika ugenini hulala kwa ndugu, siyo gesti. Kisha anamalizia kwa kuuliza: wanatafuta nini?

Mimi natafuta iliki.

Nauza viungo Moshi: iliki, mdalasini, pilipili manga, na karafuu kidogo wakati wa Ramadhani na Krismasi. Mzigo wangu unatoka Muheza, kwenye milima ya Amani, ambako iliki inamea chini ya kivuli cha miti ya msituni. Wakati wa kwenda huwa nabeba maharage. Nashuka njia ile ya Same, Hedaru, Mombo na Korogwe mpaka Segera, hapo tunakata kushoto, tunapita Hale na Muheza yenyewe, na safari inaishia Tanga. Maharage nayashusha kwa mteja wangu wa Ngamiani, nalala, na alfajiri narudi nyuma mpaka Muheza na hela ya kununulia mzigo. Kwa hiyo Tanga sina budi kulala.

Mume wangu yupo, mzima, na tunapendana. Anabaki dukani. Mgongo wake hauwezi magunia, na isitoshe ukimpa iliki ya mwaka juzi ataisifia harufu. Nikimchukua anisindikize, nauli ni ya wawili, chakula cha wawili, na faida ya gunia zima itakuwa imeliwa Korogwe kwenye kuku na chipsi kabla hatujaiona bahari. Na duka nani atalifungua?

Nasema hivyo ili tuelewane tunamzungumzia nani. Kwenye basi ninalopanda mimi yumo muuguzi anayekwenda kuripoti kituo kipya cha kazi. Yumo binti anayerudi chuo. Yumo mama anayepandia Mombo, ametoka Lushoto, mgonjwa wake amelazwa Hospitali ya Bombo, naye anakwenda kumuuguza akiwa na beseni, kanga mbili na chupa ya chai. Huyo asindikizwe na kaka yake? Kaka yake yuko shambani, au pengine ndiye huyo mgonjwa. Msomaji mwenzangu anatuona stendi usiku na anadhani tumetoka kwenda kutembea. Aje siku moja atusaidie kushusha mizigo, atajua.

Kuhusu usiku wenyewe. Katazo la mabasi kusafiri usiku lilianza miaka ya 1990 na likaondolewa mwaka 2023. Wapo wanaolikumbuka kwa hamu kana kwamba lilikuwa linatulinda sisi. Sisi tuliosafiri zamani tunakumbuka basi lililoharibika njiani likashikwa na usiku: linaegeshwa, taa zinazimwa, abiria wanalala humohumo vitini mpaka kupambazuke. Mwanamke wa peke yake alilala na mkoba tumboni, jicho moja wazi, na jirani yake wa kiti amegeuka ghafla kuwa mtu wa kuota ndoto zinazonyoosha mikono. Leo basi linafika. Nashukuru linafika. Shida imehama tu, imetoka ndani ya basi, sasa iko kati ya mlango wa basi na mlango wa chumba cha kulala.

Tanga, stendi ya mabasi ya mikoani iko Kange, nje ya mji. Mchana si tatizo, unapanda daladala unaingia zako mjini. Usiku ni bajaji au bodaboda, na hapo ndipo mgeni anapojulikana kuwa mgeni, kwa sababu mwenyeji hatembezi macho. Nina utaratibu wangu. Tukishapita Pongwe nampigia simu kijana wangu wa bajaji. Nilimpata kupitia kwa mama mmoja muuza chai, ambaye alinishika mkono akaniambia, “Mpande huyu, mama yake tuko naye kikoba kimoja.” Hiyo ndiyo leseni ninayoiamini mimi: dereva ambaye akinifanyia ubaya, habari itamfikia mama yake kabla ya adhuhuri. Asipopatikana, sitoki getini na begi langu nikaanza kuangaza angaza. Nakaa kwenye benchi la mama wa chai, naagiza chai ya rangi, na vijana wakija na “Anti, wapi? Anti, twende,” nawajibu kwamba namsubiri mwanangu. Ukisema unamsubiri mume wataanza maswali. Ukisema mwanangu, wanakupa shikamoo na mambo yanaishia hapo.

Sitaki mtu yeyote wa Tanga asome barua hii akadhani nautukana mji wake. Mji ule una watu. Ukiuliza njia mchana, mtu anashuka kwenye baiskeli, anakuamkia kwanza, anakuuliza habari za utokako, ndipo akuelekeze, na akiona hukuelewa anakokota baiskeli yake kukusindikiza mpaka barabara ya kumi na mbili. Nimesahau mkoba wa maharage ya kuonjesha kwenye duka la watu, nikaukuta kesho yake umetundikwa msumarini. Ni jiji tangu mwaka 2005, lakini ni jiji dogo. Sensa ya mwaka 2022 haikufikisha hata watu laki nne. Watu wanajuana, na kujuana huko ndiko kunakonilinda barabarani kuliko polisi na taa.

Ila kuna mahali pamoja kujuana kunanigeukia, nako ni gesti. Hili ndilo lililonikalisha kuandika.

Gesti yenyewe siitaji. Ni safi, mashuka yanafuliwa, feni inazunguka, maji yanatoka. Unafika mapokezi unakuta daftari kubwa la gamba gumu limefunguliwa juu ya kaunta, kalamu imefungwa kwa uzi ili isiibwe. Safu zake unazijua, mhariri, nawe umeshazijaza: tarehe, jina kamili, kabila, umri, kazi, unakotoka, unakokwenda, namba ya simu, namba ya chumba, saini. Mstari wako unaujaza chini ya mstari wa aliyekutangulia, na unapomaliza kujaza wako umeshamsoma yeye. Mimi usiku ule, bila kutaka, nilishajua kwamba chumba namba tano amelala mfanyabiashara wa miaka thelathini na nne, ametoka Singida, anakwenda Pemba. Nami nikaandika yangu. Jina, Mchaga, mfanyabiashara, natoka Moshi, nakwenda Muheza, simu hii hapa, chumba namba saba. Mhudumu akachukua ufunguo wenye kibao cha mbao, namba imeandikwa kwa rangi nyekundu, akamwita kijana wa usafi kwa sauti ya sokoni: “Mpeleke mama namba saba!” Kwenye viti vya mapokezi palikuwa na wanaume wanaangalia mpira.

Saa tano na nusu simu yangu ikaita. Namba ngeni. “Mama wa Moshi, umeshalala? Mimi jirani yako hapa. Muheza unakwenda kesho saa ngapi, twende wote?” Sauti ya adabu, imelowa pombe kidogo. Aliniita kwa jina langu lote, lile la kwenye cheti cha kuzaliwa, ambalo hata mume wangu hulisikia benki tu. Nikakata. Ikaita tena. Nikazima sauti. Muda kidogo ukapita, kisha mlango ukagongwa polepole kwa ukucha, kama mtu anayeogopa kumwamsha mtoto.

Kitasa cha mlango ule kilikuwa kinacheza, na komeo limebakiwa na skrubu moja. Ninatembea na kabari ya mbao. Fundi seremala wa kwetu alinichongea, haizidi kiganja, na upande wa chini amepigilia kipande cha tairi isiteleze kwenye vigae. Nikaisukuma chini ya mlango kwa kisigino, nikasogeza na meza. Nikampigia mhudumu. Akacheka. “Labda kakupenda, dada.” Alipokuja kupita kwenye korido, mgongaji alikuwa ameshaingia kwake. Asubuhi nikasimama mapokezi nikalifungua lile daftari mwenyewe, hakuna aliyenizuia. Mstari ulio chini ya wangu ulikuwa wa chumba namba tisa, na namba ya simu ni ileile iliyonipigia. Sasa nilimjua naye jina lake, kabila lake, umri wake na mji anakokwenda. Mimi sikumpigia.

Mwenye nyumba alikuja baada ya swala, mzee wa heshima, kofia ya mkono kichwani. Nikamweleza yote. Alinipa pole, tena pole ya kweli. Kisha akasema, “Lakini mama, hakukufanya kitu.”

Hakunifanya kitu. Nilikaa kitandani nimevaa viatu mpaka adhana ya alfajiri. Nilikuwa nitoke saa kumi na moja niwahi gari la kwanza la Muheza, badala yake nikasubiri korido ijae watu na jua litoke. Nilipofika Muheza wenzangu walikuwa wameshachagua. Anayeijua biashara ya iliki ataelewa. Mkulima anashuka na mzigo wake kutoka Amani, wa kwanza kufika anamimina kiganjani, anatikisa asikie mbegu zinavyogonga ganda, anapasua moja aone kama zilizomo ndani ni nyeusi na zinanata, anazibeba hizo. Wewe uliyechelewa unapewa zilizobaki, maganda yamepauka na mepesi, bei haijashuka hata senti. Hasara ile niliibeba mimi mpaka Moshi. Huwezi kwenda kituo cha polisi kuichukulia RB.

Na mimi ni mtu mzima, nina sauti na nina kabari. Fikiria binti wa miaka ishirini aliyekuja kwenye usaili wa kazi, ndiyo mara yake ya kwanza kulala nje ya kwao, anasikia jina lake kamili linatamkwa nyuma ya mlango saa tano na nusu za usiku. Atajua ni daftari tu? Atadhani amefuatwa toka kwao.

Sipingi wageni kuandikishwa. Serikali inataka kujua nani kalala wapi, polisi wanapita kukagua, na siku nyumba ikishika moto ni vizuri tujulikane tuko wangapi. Ninachouliza ni kwa nini daftari lisomwe na kila aingiaye. Nchi hii ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na ina Tume iliyoundwa kuisimamia. Watu wanaisikia wanadhani ni mambo ya mabenki na kampuni za simu. Jina langu, simu yangu na chumba nilicholala ni taarifa zangu hata zikiandikwa kwa kalamu ya shilingi mia tatu kwenye daftari lenye madoa ya chai, na aliyezikusanya ana wajibu wa kuzitunza. Sidhani kama mwenye gesti ameambiwa hivyo na mtu yeyote. Anakumbushwa kodi, anakumbushwa ushuru wa wageni, anakumbushwa neti na kifaa cha kuzimia moto. Daftari hakuna anayemwuliza, ilimradi lipo na limejazwa.

Tena si jambo la kuhitaji kompyuta. Kuna bibi mmoja palepale Tanga, simtaji asije akajaziwa wageni nikakosa chumba. Vyumba vyake ni vichache. Ukifika anakupa kikaratasi, amekata karatasi za daftari la shule katikati kwa rula, unajaza umekaa, yeye anavaa miwani anakisoma kile chako tu, anakulinganisha na kitambulisho, kisha anakitumbukiza kwenye kopo la biskuti la bati lililoko kabatini. Wakaguzi wakija anawatolea kopo zima. Ufunguo anakuwekea kiganjani na kukusindikiza mwenyewe. Hauna kibao, umefungwa kitambaa cha rangi, kila chumba na rangi yake, kwa hiyo hata ukiuangusha mezani wakati unakula hakuna anayejua unalala wapi. Milango yake ina makomeo ya juu na ya chini. Na mtu akija kuuliza “yule mama wa Moshi kafikia hapa?” jibu lake ni moja, awe polisi wa kiraia au awe mjomba wangu wa damu: “Acha namba yako, nikimwona nitampa.” Nilimwuliza nani alimfundisha haya yote. Akaniangalia juu ya miwani. “Mwanangu, nimekuza mabinti watano kwenye nyumba hii hii, wageni wakiingia na kutoka. Nifundishwe na nani?”

Kisha zipo gesti zinazomaliza tatizo kwa kutukataa. Nimeshaambiwa dirishani, begi begani, “Hatupokei mwanamke wa peke yake.” Ukiuliza kwa nini, mhudumu anatazama chini, ameagizwa. Wanaogopa kuitwa danguro. Lakini wakati huohuo, mwanamume na mwanamke wakiingia wamefuatana, hakuna anayeulizwa cheti cha ndoa. Maana yake ni kwamba ningemwokota mwanamume yeyote pale nje kwenye kijiwe cha bodaboda, nikaingia naye, ningepewa chumba chenye feni. Nikija na maharage yangu, nimekuwa mtu wa kutiliwa shaka. Usiku ule nilipokataliwa nilizunguka na kijana wangu wa bajaji mpaka tukapata pengine, naye hakunidai nyongeza, alisema aibu ni ya mji wao.

Habari za namba ya simu zinaanzia mbali zaidi ya gesti. Tiketi za siku hizi zinataka jina na simu, na ni sawa, basi likipata ajali ndugu wajulishwe. Safari moja nilikaa na mwanafunzi wa uuguzi. Tulipokaribia Segera simu yake ikaingia ujumbe: “Mrembo wa dirishani mbona umenuna.” Akageuka huku na huku. Alikuwa konda, amesimama mlangoni na orodha ya abiria mkononi, anachekelea. Mpaka tunafika alikuwa ameshatuma kama nusu ya kitabu, wa mwisho ukiuliza anafikia wapi ili ampeleke. Mtoto wa watu alinyamaza, kwa sababu begi lake liko buti na anayelishusha ni yuleyule. Nilishuka naye, nikamsimamia mpaka begi likatoka, kisha nikamwuliza konda mbele ya abiria wenzake kama kampuni ndiyo iliyomtuma kuuliza abiria wanalala wapi. Alisema ni utani. Abiria wawili watatu, wanaume, walinisaidia kumsema, na ninawataja kwa sababu msomaji mwenzangu anaandika kana kwamba wanaume wote wako upande mmoja.

Utani wa namna hiyo una jina kisheria. Tangu sheria ile ya makosa ya kujamiiana ya mwaka 1998, ambayo wengi tunaijua kwa jina la SOSPA, unyanyasaji wa kijinsia ni kosa la jinai hapa kwetu, na haulazimu mtu awe ameguswa. Maneno na ishara vinatosha. Polisi wana dawati la jinsia na watoto. Yote haya yapo. Ugumu wa msafiri ni mwingine: ukiripoti Tanga leo, kesho uko Muheza na keshokutwa Moshi, na kesi inakutaka urudi. Nauli ya kurudi kutoa ushahidi juu ya mtu aliyegonga mlango kwa ukucha nani atakupa? Kwa hiyo tunaondoka. Na mgongaji anajua tutaondoka, ndiyo maana anachagua wageni wala hawagongei wenyeji. Ndiyo sababu nasisitiza daftari kuliko polisi. Polisi wanakuja baada ya jambo. Kikaratasi cha bibi kinafanya jambo lisianze.

Kuna mtu atasema basi wanawake wadanganye: waandike jina la uongo, namba ya uongo, waseme mume yuko njiani. Wengi wanafanya hivyo, najua. Binti yangu mwenyewe ana laini ya pili ya kujazia madaftari tu. Lakini fikiri tunajenga nini. Tumeweka daftari ili tujue ukweli wa nani kalala wapi, na sasa kila mwenye akili analijaza uongo ili alale. Siku mgeni akiugua usiku ule, au akifa, watampigia nani?

Na kuhusu kulala kwa ndugu. Msomaji mwenzangu ameandika hilo kwa wepesi sana. Wanawake watakaosoma barua hii wanajua kwa nini baadhi yetu tunalipia chumba wakati shemeji ana nyumba mtaa wa pili. Sitaongeza neno hapo.

Sasa ombi langu, na nalielekeza kwa halmashauri zetu, siyo ya Tanga peke yake, maana daftari hilohilo nimelikuta Korogwe, Same, Babati na hapa kwetu Moshi. Leseni ya gesti inahuishwa kwenu. Afisa biashara anapokwenda kukagua, asimame upande wa kaunta anaosimama mgeni. Aangalie mbele yake. Kama kutoka pale anaweza kusoma nani kalala chumba gani na simu yake ni ngapi, asisaini mpaka libadilishwe. Halafu aende kwenye milango, asukume komeo moja moja kwa mkono wake, ahesabu skrubu. Kazi hiyo haihitaji bajeti wala semina. Vyama vya wamiliki wa mabasi nao wawaambie makonda wao kwamba orodha ya abiria ikitumika kutongozea mtu, anayetongoza anashuka kwenye gari hapohapo.

Mimi nitashuka tena Tanga maharage mapya yakishakauka. Bibi nimeshampigia, ameniwekea chumba cha kitambaa cha kijani. Kwenye ile gesti ya mzee wa kofia ya mkono nitapita pia, kumpelekea nakala ya barua hii mkononi kama utaichapa, na nitamnunulia rula.

Wako msomaji,
Mama Iliki,
Moshi.